Kivinjari Kipi Kinafaa Nyumbani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya kuhusu vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti, huulizwa sana na watu wa Dodoma, Singida na wilaya za jirani wanaotumia intaneti nyumbani: laptop moja ya familia, mara nyingi ya mtumba, simu janja mbili tatu, na bando la kununua kwa siku au kwa wiki. Majibu yamelenga hali hiyo. Majina ya menyu yanaweza kutofautiana kidogo kati ya toleo na toleo. Ukikuta neno limebadilika, tafuta lililo karibu nalo.

Kwa kifupi, nitumie kipi?

Kwenye laptop ya Windows, tumia Firefox au Edge. Kwenye simu ya Android, tumia Chrome kwa fomu, benki na barua pepe, kisha weka Opera Mini au Brave kwa kusoma habari na kuperuzi. Kwenye iPhone, Safari inatosha.

Kuwa na vivinjari viwili kwenye kifaa kimoja ni jambo la busara. Kimoja kikigoma kufungua ukurasa, kingine kinakuonyesha papo hapo kama tatizo ni kivinjari au ni tovuti yenyewe. Tena unatenganisha kazi: kile cha fedha na fomu hukibebeshi viendelezi (programu ndogo za kuongezea kivinjari uwezo), michezo wala tovuti za kupakua muziki.

Kwani vinatofautiana nini? Vyote si vinafungua kurasa zilezile?

Kinachochora ukurasa ndani ya kivinjari ni injini, na injini kubwa zimebaki tatu. Chrome, Edge, Opera, Brave, Vivaldi na Samsung Internet zote hutumia Blink. Firefox hutumia Gecko. Safari hutumia WebKit. Kwa hiyo tovuti ikigoma kwenye Chrome, kuhamia Edge mara nyingi hakutasaidia, maana ni injini ileile, ila kuhamia Firefox kunaweza kusaidia. Kinyume chake pia ni kweli: mfumo uliotengenezwa na kujaribiwa kwenye Chrome pekee unaweza kuyumba kwenye Firefox, na hapo unafungua Edge bila kupakua chochote.

Zaidi ya injini, tofauti zinazogusa mfuko na muda wako ni hizi: jinsi kivinjari kinavyozuia matangazo, jinsi kinavyotumia RAM (kumbukumbu ya muda ya kifaa), na kitaendelea kusasishwa kwa muda gani kwenye kifaa chako. Mwonekano wa vitufe unauzoea baada ya siku chache.

Laptop yangu ina RAM ya GB 4 na Chrome inaifanya iwe nzito. Nibadilishe?

Kwanza angalia nani hasa anakula RAM. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka orodha inayoonyesha kila kichupo (ukurasa uliofunguliwa) na kila kiendelezi kinatumia kiasi gani. Bonyeza kichwa cha safu ya kumbukumbu ili vikubwa vipande juu. Mara nyingi utakuta mkosaji ni kichupo kimoja cha mtandao wa kijamii kilichoachwa wazi tangu asubuhi, au kiendelezi ambacho hata hukumbuki kukiweka. Kwenye Firefox, andika about:processes kwenye sehemu ya anwani upate orodha kama hiyo.

Kisha washa kiokoa kumbukumbu. Kwenye Chrome kipo kwenye Mipangilio, sehemu ya Utendaji. Kwenye Edge kipo kwenye sehemu ya mfumo na utendaji, na hulaza vichupo ambavyo hujavigusa kwa muda unaouchagua mwenyewe. Kichupo kilicholala kinaachia RAM, na ukikibonyeza kinajipakia upya. Hapo pana gharama ndogo: kujipakia upya kunatumia bando, na fomu uliyoijaza nusu inaweza kupotea. Kwa hiyo weka tovuti unazojazia fomu kwenye orodha ya zile zisizolazwa.

Ukishafanya hayo na bado mashine inasuasua, angalia diski. Laptop nyingi za mtumba bado zina diski ya kuzunguka. RAM ikijaa, Windows huhamishia mzigo kwenye diski, na diski ya aina hiyo ni polepole mno kwa kazi hiyo, ndiyo maana kipanya kinaganda huku taa ya diski ikiwaka bila kupumzika. Kuweka SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) ya GB 240 na kuongeza RAM ifike GB 8 kutakupa nafuu ambayo hakuna kivinjari kitakachokupa. Hilo linastahili fedha kabla ya jambo lingine lolote.

Edge si ndiyo ile Internet Explorer ya zamani?

Hapana. Internet Explorer ilisitishwa rasmi tarehe 15 Juni 2022. Edge ya sasa, iliyotoka Januari 2020, imejengwa juu ya msingi uleule wa Chrome. Faida yake kubwa kwa mtu anayenunua bando ni kwamba tayari imo ndani ya Windows. Kifurushi kamili cha kusakinisha Chrome kinapita MB 100, na Edge hukuhitaji kuipakua.

Kama una mfumo wa zamani wa ofisini unaodai Internet Explorer, Edge ina hali maalumu ya kuufungua. Iwashe kwenye Mipangilio, sehemu ya kivinjari chaguomsingi, kisha ongeza anwani ya mfumo huo.

Ni kivinjari gani kinachookoa bando kuliko vyote?

Opera Mini ikiwa kwenye kiwango cha juu kabisa cha kubana data. Namna inavyofanya kazi ni tofauti na vingine: ukurasa hauji moja kwa moja kwenye simu yako. Unapitia kwanza kwenye seva (kompyuta kuu) za Opera, unabanwa, picha zinapunguzwa, ndipo unatumwa kwako. Ukurasa wa habari wenye picha nyingi unakufikia ukiwa sehemu ndogo tu ya uzito wake.

Lakini ujue unachokitoa kwa kupata hicho. Kwa kuwa ukurasa unafunguliwa kwanza kwenye seva ya kati, usiri wa moja kwa moja kati ya simu yako na tovuti haupo katika kiwango hicho. Usiitumie kuingia benki, barua pepe wala akaunti yoyote yenye fedha. Pia kurasa zenye vitufe na menyu nyingi huvunjika: unabonyeza "Endelea" na hakuna kinachotokea, au orodha ya mikoa haishuki. Hilo likitokea usihangaike na tovuti. Punguza kiwango cha kubana au hamia Chrome. Na usichanganye Opera Mini na Opera ya kawaida, hizo ni programu mbili.

Opera Mini inang'aa kwenye kurasa nyepesi za maandishi. Matokeo ya NECTA ni mfano mzuri. Ukurasa wa shule ni jedwali la namba za watahiniwa na alama zao, hauna mapambo, na unafunguka hata mtandao ukiwa dhaifu. Siku matokeo yanapotoka, ukurasa ukikataa, sababu huwa ni msongamano wa watu kwenye seva. Kubadilisha kivinjari hakutasaidia. Jaribu usiku sana au alfajiri.

Zamani Chrome ya simu ilikuwa na kiokoa data. Kimeenda wapi?

Google ilikiondoa Machi 2022, kuanzia toleo la 100. Hakijafichwa mahali, kwa hiyo usikitafute. Badala yake, fanya mambo mawili ndani ya Chrome ya simu. Nenda Mipangilio, Faragha na usalama, kisha zima upakiaji wa kurasa kabla hujazifungua. Chrome hubashiri utakapobonyeza na kuanza kuvuta ukurasa mapema, na ukibonyeza kwingine data hiyo imekwenda bure. Pili, zima orodha ya habari inayojitokeza kila ukifungua kichupo kipya, maana picha zake hushuka hata kama huzisomi.

Nifanye nini kingine ili bando lidumu?

Zuia matangazo. Ukurasa wenye matangazo ya video hubeba mzigo mkubwa kuliko habari yenyewe. Kwenye kompyuta, Firefox pamoja na kiendelezi cha uBlock Origin ndiyo njia tunayoipendekeza bila kusita. Chrome imebadilisha kanuni zake za viendelezi na uBlock Origin kamili haifanyi kazi tena humo. Kilichobaki ni toleo jepesi liitwalo uBlock Origin Lite, linalosaidia lakini kwa nguvu pungufu. Kwenye simu, Firefox ya Android inakubali uBlock Origin, jambo ambalo Chrome ya Android haiwezi. Brave inazuia matangazo yenyewe bila kuongezewa kitu, kwa hiyo inamfaa mzazi au babu asiyetaka kuhangaika na viendelezi.

Zima video zinazojicheza. Firefox ya kompyuta: Mipangilio, Faragha na usalama, sehemu ya kucheza kiotomatiki, chagua kuzuia sauti na video.

Usifute akiba ya kivinjari kila siku. Watu wengi huifuta wakidhani wanaokoa data, kumbe wanaiteketeza. Akiba ni picha na faili za tovuti zilizokwisha kushuka. Zikiwepo, ukirudi kwenye tovuti ileile hazishuki tena. Ukizifuta, unazilipia upya. Dirisha fiche (lisilohifadhi historia) lina tabia hiyohiyo kwa sababu huanza bila akiba kila unapolifungua.

Na kama unaipa laptop intaneti kwa hotspoti ya simu, mlaji mkubwa huenda hata si kivinjari. Windows hujisasisha kimyakimya na huweza kumaliza GB kadhaa. Bonyeza alama ya Wi-Fi, fungua sifa za mtandao wa simu yako, na uutie alama kuwa ni muunganisho unaopimwa data. Fanya hivyo mara moja kwa kila simu unayoitumia kama hotspoti.

Simu yangu ni ya Tecno, Infinix au itel na imekuja na kivinjari cha Phoenix. Niendelee nacho?

Kinafungua kurasa, lakini ukurasa wake wa mwanzo umejaa habari na picha zinazovuta data, na arifa zake hukatiza watu kila mara. Weka Chrome iwe chaguomsingi: Mipangilio ya simu, Programu, Programu chaguomsingi, Kivinjari. Kisha zima arifa za Phoenix. Kama kitufe cha kuondoa programu hakipo, tumia cha kuzima.

Na UC Browser?

Hatuipendekezi. Mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha kuwa programu hiyo ilikuwa inavujisha taarifa za mtumiaji, na India iliizuia Juni 2020 pamoja na programu nyingine nyingi. Opera Mini inafanya kazi ileile ya kubana data.

Kila tovuti inaniambia muunganisho si salama. Nimeweka vivinjari vitatu na vyote vinasema hivyohivyo.

Angalia saa na tarehe ya kompyuta. Hili ndilo tatizo linalopotezea watu muda kuliko mengine yote, na mara nyingi huishia kwa fundi anayepiga Windows upya bila sababu.

Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta yako. Kompyuta ikiamini kwamba leo ni mwaka 2012, vyeti vyote vya leo vinaonekana havijaanza kutumika, na kivinjari kinakataa kila kitu, iwe Google, benki au tovuti ya chuo. Chrome hukuambia wazi kwamba saa yako iko nyuma, au huandika msimbo unaoishia na DATE_INVALID.

Kwenye kompyuta ya mezani, chanzo huwa ni kibetri kidogo kilichokaa kwenye ubao mkuu, kinachofanana na sarafu. Aina yake ya kawaida ni CR2032, cha volti 3. Kazi yake ni kutunza saa pale umeme unapokatika au ukichomoa waya ukutani. Kikifa, kila umeme ukirudi tarehe inaruka nyuma miaka mingi. Zima mashine, chomoa waya, fungua ubavu, bana kishikizo pembeni, toa kibetri cha zamani na weka kipya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Washa, kisha nenda kwenye mipangilio ya saa ya Windows, chagua ukanda wa UTC+03:00 Nairobi, na uruhusu saa ijiweke yenyewe. Ukiweka tarehe bila kubadilisha kibetri, tatizo litarudi umeme ukikatika tena.

Kama tarehe ni sahihi na onyo linatokea kwenye tovuti moja tu, usilipuuze. Funga tovuti hiyo, hasa ikiwa inadai nywila au namba ya kadi.

Skrini inaniletea ujumbe kwamba simu ina virusi, na mingine michafu ambayo siwezi kuionyesha mbele ya watoto. Ni virusi kweli?

Karibu kila mara si virusi. Ni arifa uliziruhusu bila kujua. Tovuti za kupakua nyimbo, filamu na mechi huonyesha picha ya roboti na maneno kama "Bofya Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu". Ukibofya, umeipa tovuti hiyo ruhusa ya kukutumia arifa wakati wowote, hata kivinjari kikiwa kimefungwa. Ndipo zinakuja zile za virusi, za bahati nasibu uliyoshinda, na za mambo ya aibu.

Kuziondoa kwenye Chrome ya simu:

1. Gusa nukta tatu juu kulia, kisha Mipangilio.
2. Fungua Mipangilio ya tovuti, halafu Arifa.
3. Angalia orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Gusa kila usiyoitambua na uizuie. Majina ya ajabu yenye herufi na tarakimu zilizochanganywa ndiyo ya kuanzia.
4. Juu ya ukurasa huohuo, zima kabisa ruhusa ya tovuti kuomba kutuma arifa. Nyumba nyingi hazina tovuti hata moja inayohitaji ruhusa hiyo.

Usisakinishe programu ya kusafisha simu ambayo arifa hizo zinaitangaza. Hiyo ndiyo mtego wenyewe. Usipige namba wanayokupa. Kwenye kompyuta, hatua ni zilezile kupitia Faragha na usalama.

Fomu ya serikali, ya mkopo au ya ajira inagoma nikibonyeza kuwasilisha. Nibadili kivinjari?

Pengine, lakini pitia haya kwanza kwa mpangilio huu, maana kila moja ni la kawaida.

Dirisha limezuiwa. Mifumo mingi hufungua stakabadhi, ankara yenye namba ya malipo au barua ya uthibitisho kwenye dirisha jipya, na vivinjari huzuia madirisha yanayojifungua. Unabonyeza "Chapisha" na inaonekana kama hakuna kilichotokea. Kwenye Chrome na Edge, tazama mwisho wa kulia wa sehemu ya anwani; kuna alama ndogo ya dirisha. Ibonyeze, ruhusu tovuti hiyo, kisha bonyeza tena. Firefox huonyesha ukanda juu ya ukurasa wenye kitufe cha kuruhusu.

Muda umeisha. Ukikaa muda mrefu ukitafuta namba ya cheti cha kuzaliwa, mfumo hukutoa kimyakimya. Ukiwasilisha, unarudishwa mwanzo. Kabla ya kuanza, weka mezani namba ya NIDA, vyeti vilivyoskaniwa na picha ya pasipoti.

Faili ni kubwa. Picha iliyopigwa na simu inaweza kuwa na MB kadhaa, wakati mfumo unaomba KB chache. Soma kikomo kilichoandikwa kando ya kitufe cha kupakia, na punguza picha kabla hujajaribu tena.

Kizuia matangazo kimezuia kitu. Zima uBlock Origin au ngao ya Brave kwa tovuti hiyo pekee.

Ukurasa wa zamani umebaki kwenye akiba. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na F5. Kwenye simu, fungua Futa data ya kuvinjari na uweke tiki kwenye picha na faili za akiba tu. Ondoa tiki kwenye nywila na vidakuzi (faili ndogo zinazokumbuka kwamba umeingia), la sivyo utaondolewa kwenye akaunti zako zote.

Baada ya hapo ndipo ujaribu kivinjari cha injini nyingine. Na ukifanikiwa, usitegemee kwamba ukurasa utafunguka tena kesho: bonyeza Ctrl na P, chagua kuhifadhi kama PDF, weka nakala.

Natumia kompyuta ya steshenari. Nijilinde vipi?

Steshenari za Majengo na zile zilizozunguka vyuo, kuanzia UDOM hadi Chuo cha Mipango, hubeba kazi kubwa msimu wa maombi ya mikopo na ajira. Kompyuta moja inapitiwa na watu wengi kwa siku, wote kwenye kivinjari kilekile. Kinachoharibika ni hiki: mwombaji wa kwanza hakutoka kwenye akaunti, wa pili anafungua tovuti ileile na kujikuta ndani ya fomu ya mwenzake, anaanza kusahihisha jina. Au kivinjari kimehifadhi nywila, na kila anayekuja baadaye anaiona.

Omba uandike nywila kwa mkono wako. Fungua dirisha fiche: Ctrl, Shift na N kwenye Chrome na Edge, Ctrl, Shift na P kwenye Firefox. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, kataa. Ukiingia Gmail na Chrome ikataka kuunganisha kivinjari na akaunti yako, kataa pia, kwa sababu kukubali kunaweza kuteremsha nywila zako zote kwenye mashine ya mtu.

Ukimaliza, toka kwenye akaunti kwanza, ndipo ufunge dirisha. Dirisha fiche halifuti faili ulizopakua, kwa hiyo futa nakala za vyeti vyako kwenye folda ya vipakuliwa, kisha ondoa na zilizo kwenye pipa la taka. Kama ulifungua WhatsApp, ingia kwenye simu yako, Vifaa vilivyounganishwa, uondoe kompyuta hiyo. Umeshafika nyumbani Nkuhungu ndipo umekumbuka kwamba hukutoka Gmail? Fungua myaccount.google.com kwenye simu, nenda Usalama, tazama orodha ya vifaa, na utoke kwenye usichokitambua. Halafu badilisha nywila.

Hali fiche inanificha kwa kampuni ya simu au mwajiri?

Hapana. Inazuia tu kifaa kisihifadhi historia, vidakuzi na ulichokiandika. Mtandao unaopitia bado unajua ni tovuti zipi unazitembelea.

Opera na Edge zina VPN ya bure. Niwashe?

VPN hupitisha data yako kwenye seva ya mahali pengine kwanza. Kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani huihitaji. Inaongeza safari ya data, hivyo kasi hupungua, na benki inaweza kukuzuia ikiona unaingia kutoka nchi nyingine. Pia kumbuka kwamba Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kuwataka watu na kampuni wanaotumia VPN kutoa taarifa zao kwa mamlaka hiyo.

Kompyuta yangu ina Windows 7. Kuna kivinjari kinachofaa?

Toleo la mwisho la Chrome kwa Windows 7 na 8.1 lilikuwa la 109, la mwaka 2023 mwanzoni. Likiendelea kufunguka haimaanishi kwamba liko salama. Mashimo yaliyogunduliwa tangu hapo hayajazibwa humo. Firefox 115 ya ESR (toleo linalotunzwa muda mrefu) iliendelea kupata marekebisho ya usalama kwenye mashine hizo muda mrefu baada ya Chrome kuziacha, kwa hiyo ndiyo iliyo bora kati ya zilizobaki. Usifanyie mambo ya fedha humo. Kama mashine yenyewe bado nzima, kuweka Linux Mint kutakupa Firefox mpya kabisa bila kulipia chochote.

Kwa Windows 10: Microsoft ilimaliza muda wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, lakini imesema Edge itaendelea kusasishwa humo hadi angalau Oktoba 2028. Usitupe laptop kwa sababu ya kivinjari.

Na simu ya zamani?

Tazama toleo la Android kwenye Mipangilio, Kuhusu simu. Toleo la 138 la Chrome, la mwaka 2025, ndilo la mwisho kwa Android 8 na 9. Matoleo yaliyofuata yanadai Android 10 kwenda juu. Kwenye Android 7.0 kurudi nyuma kuna tatizo la ziada: simu haitambui vyeti vinavyotumiwa na tovuti nyingi za leo, kwa hiyo Chrome hulalamika hata tarehe ikiwa sahihi. Firefox huja na orodha yake yenyewe ya vyeti, ndiyo maana tovuti iliyokataa kwenye Chrome ya simu kongwe huweza kufunguka humo.

Kwenye iPhone, nikiweka Chrome nitapata kasi zaidi?

Hapana. Nje ya Umoja wa Ulaya na Japani, Apple huvitaka vivinjari vyote vya iPhone vitumie WebKit, injini ya Safari. Sababu nzuri ya kuweka Chrome kwenye iPhone ni moja: unataka nywila na alamisho (anwani ulizohifadhi) zilezile ulizonazo kwenye kompyuta.

Watoto wanatumia simu ileile. Kivinjari gani kinachuja tovuti chafu?

Usitegemee kivinjari, maana mtoto ataweka kingine. Weka uchujaji kwenye simu nzima. Kwenye Android 9 na kuendelea, nenda Mipangilio, Mtandao na intaneti, DNS ya faragha, chagua kuandika jina la mtoa huduma, kisha andika family.cloudflare-dns.com. Huduma hiyo ya Cloudflare haina malipo, na huzuia tovuti za ngono na zile zinazojulikana kusambaza programu hasidi, kwenye bando na kwenye Wi-Fi. Ukikosea herufi moja, intaneti yote itakatika, rudi usahihishe. VPN na Opera Mini iliyo kwenye kiwango cha juu huweza kuuruka uchujaji huo, kwa hiyo ziondoe kwenye simu ya mtoto. Mtoto mwenye simu yake mwenyewe, tumia Family Link ya Google.

Nataka kuhama Chrome kwenda Firefox bila kupoteza nywila.

Sakinisha Firefox ukiipata mozilla.org, uandike anwani mwenyewe. Usibonyeze tangazo lililo juu ya matokeo ya utafutaji, na usichukue faili ya kusakinisha kwenye flashi ya mtu. Funga Chrome kabisa. Ndani ya Firefox, fungua Mipangilio, sehemu ya jumla, bonyeza kuleta data ya kivinjari, chagua Chrome. Alamisho na historia huja bila shida. Nywila zikigoma, zitoe Chrome kama faili ya CSV kupitia kidhibiti cha nywila, kisha uziingize Firefox. Faili hiyo ina nywila zako zote zikisomeka wazi kama barua, kwa hiyo ifute papo hapo, pamoja na kwenye pipa la taka. Kaa na Chrome wiki mbili zaidi kabla hujaiondoa, ikitokea kuna akaunti uliyoisahau.

Nitajuaje kama kivinjari changu kimesasishwa?

Kwenye Chrome ya kompyuta: nukta tatu, Msaada, Kuhusu Google Chrome. Ukurasa huo ukifunguka tu, kinaanza kutafuta toleo jipya. Likishashuka, lazima ufunge na kufungua upya, vinginevyo unaendelea kutumia la zamani. Hapo ndipo wengi wanapokwama, hasa wanaofunga kifuniko cha laptop bila kuizima kwa wiki nzima. Edge na Firefox zina ukurasa kama huo. Kwenye simu, fanya hivyo Play Store ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini au chuoni kama unayo.